Unyevu wa Mtu Mmoja

Saa moja na nusu asubuhi, taa ya kipimo juu ya mlango wa Nasra iligeuka nyekundu. Kisheria, kila nyumba ya kupanga hupimwa unyevu, na ukizidi ule wa watu waliosajiliwa, aliyezidi huondolewa mjini. Madirisha ya bafu huzibwa kwa saruji ili kipimo kisidanganywe. Nasra alisajiliwa peke yake. Mama yake, aliyetoka Korogwe kutibiwa kifua, alikuwa bafuni akifuta ukungu mweusi ukutani.

Mkaguzi alipiga hodi. Hakuruhusiwa kuingia, kazi yake ilikuwa kusoma taa.

“Dada, humu mnapumua wawili.”

“Nimetoka kuoga, kaka. Joto lote hili, ulitaka ninuke?”

“Nuka tu, ila peke yako. Nasubiri pakauke. Pasipokauka, naita gari.”

Nasra alirudi bafuni. Mama yake alikuwa ameketi sakafuni, ameikunja kanga na kuibana puani na mdomoni. Nasra akamwashiria aitoe. Mama akatikisa kichwa, kisha akafumba macho.

Saa mbili kasoro dakika tano, kanga ilimdondoka mama mikononi na kifua chake hakikuinuka tena; taa ikageuka kijani.

“Haya, sasa uko peke yako,” mkaguzi alisema kutoka mlangoni, akaondoka.