Kipande Chekundu

Kipande chekundu hakikuwepo.

Mtafiti alisogeza maziwa, akainua nyanya, akafunua hata sufuria ya maharage. Vipande vyeupe vya tope vilikuwa palepale kwenye friji, kila kimoja na mfuko wake. Asubuhi hiyohiyo wakubwa wa chuo walikuwa wanakuja kukagua hicho chekundu, na bila hicho masomo yake ya miaka minne yalikuwa yamekwenda na maji.

Mumewe, ambaye msaada wake jikoni ulikuwa kuegemea mlango, akapiga mwayo. "Si uchote tope jingine? Hapo nje liko la bure."

"Lile lilitoka chini ya bahari kuu, mume wangu. Linaonyesha dunia ilivyopata homa, bahari ikawa chachu, magamba ya viumbe yakayeyuka, ukabaki udongo mtupu."

"Na homa ikapona?"

"Baada ya miaka kama laki mbili."

"Basi na wewe punguza haraka."

Mwizi hakuhitaji kutafutwa. Tangu friji ya maabara iharibike na vipande vihamie nyumbani, mama mkwe alikuwa haishi maneno: mke gani huyu anaweka matope kando ya maziwa? Kila siku aliapa kuyatupa jalalani. Juzi tu alikinyanyua hicho chekundu kwa ncha za vidole.

"Hata hiki nacho kina faida?"

"Kina miaka milioni hamsini na sita, mama," mtafiti alimjibu kwa kejeli, "na kitazame kilivyo laini, utadhani cha jana."

Mama mkwe alikirudisha kwenye friji kwa mikono miwili. Tangu ahamie pale, hiyo ndiyo mara ya kwanza kukosa la kusema, na mtafiti alijipongeza siku nzima.

Sasa alipindua pipa la taka. Maganda matupu. Hasira zikampanda, akaiacha heshima jikoni na kwenda kuugonga mlango wa mama mkwe kwa ngumi.

"Mama! Umekitupa wapi?"

"Nitupe kitu kizuri vile, nina wazimu?" Sauti ilitoka kwa taabu, kama ya mtu anayeongea bila kufungua midomo.

Mlango ukafunguka taratibu. Kuanzia kwenye paji hadi shingoni, uso wa mama mkwe ulikuwa mwekundu, umekauka, na umeanza kupasuka kwenye mashavu.

"Mkwe wangu," alinong'ona kwa upole ambao nyumba hiyo haikuwahi kuusikia, "na vile vyeupe, ni vya miguu?"