Dirisha Lisilo na Kioo

"Hilo la pili lisiwe na kioo," alisema mteja.

Jonasi akazima grainda. Karakana yake ya Ng'ambo, mjini Tabora, ilikwisha kutoa mageti, vitanda na matela, lakini chumba cha kulala cha kufunga mgongoni mwa pikapu kilikuwa cha kwanza. Mpaka dakika hiyo kazi ilikuwa ikienda vizuri.

Dirisha la kwanza walilimaliza kwa hoja. La kusukuma, la aluminiamu, Jonasi alilitaja na kulikataa mwenyewe: vumbi la barabara ya Kaliua lingejaa kwenye reli yake, na kabla ya masika lisingesogea. Luva zingepiga kelele njia nzima na kuacha vioo porini. Likabaki la kuinua, lenye bawaba juu na mkono wa kulishikilia. Mvua inanyesha, umelala, dirisha liko wazi, na huloi.

Mteja aliitwa Emilian. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mgeni mjini, amevaa jinzi na jezi ya mpira.

"Fundi, umenimaliza," alicheka. "La kuinua."

Ndipo likaja hilo la pili.

"Lisiwe na kioo, liwe na nini?"

"Bati lenye matundu madogo, kidole kisipite. Kwa ndani kifuniko cha kusukuma, nifunge na kufungua mimi tu. Na pazia."

"Bosi, hapo hutaona nje."

"Sitaki kuona nje. Na wa nje asinione."

"Niliweke juu kiasi gani?"

"Lishushe." Emilian akaonyesha usawa wa mkanda wake.

"Watu watavunjika migongo kwa kuinama."

"Hawatainama, fundi. Na kwa nje, chini yake, niwekee ubao mwembamba wa kuegemeza viwiko."

Jonasi alikuwa na kanuni moja: mteja haulizwi kazi yake. Lakini fundi jirani naye hakuuliza, akatengeneza tangi la mafuta lenye vitako viwili, kati yake pa kufichia kitu. Gari likakamatwa na gongo, karakana ikafungwa, na sasa mlangoni pake paliota majani. Jonasi akaamua kuuliza kwa kuzunguka.

"Unaelekea njia ipi, bosi?"

"Ileile ya misafara ya zamani. Urambo, Kaliua, kurudi nipitie Ulyankulu. Huko wananingoja kwa hamu."

"Wengi?"

"Wengi, ila wanakuja mmoja mmoja. Kuna wakubwa wanaona haya kuonekana."

"Na wakishamaliza?"

"Wanaondoka wepesi. Wengine wanalia."

Jonasi hakucheka. Yeye alikuwa mzee wa kanisa la Moravian, na pombe hajawahi kuionja. Lakini kwao ni Ulyankulu, na tangu utoto alijua jinsi wazee wa huko wanavyokunywa kwenye harusi: chungu kimoja katikati, na kila mtu na mrija wake.

Emilian alipoondoka, Jonasi alitoboa bati kama alivyoagizwa. Kisha akaokota mrija wa soda, akaujaribu kwenye tundu.

Ukapita bila kugusa kingo.

Akakaa juu ya mtungi wa gesi, akapanga mambo. Chungu ndani, mirija ikichomoza nje. Wanywaji kwenye vigoda, ndiyo maana hawatainama. Viwiko ubaoni. Pazia la kuwaficha wakubwa. Kilio ndicho kabisa. Walevi wa kulia aliwajua. Hakuna kilichobaki nje ya hesabu. Hii ilikuwa baa ya magurudumu isiyo na leseni, na kila fundi wa Tabora angeutambua mshono wake wa kuchomelea.

Siku ya kuchukua gari, Jonasi alimpigia simu Afande Raymundi, askari ambaye wanywaji wa Ng'ambo walimnusa tangu mtaa wa pili. Raymundi akaja na kitambi chake na pingu zake. Emilian alikuwa tayari ndani ya chumba, amejifungia, anajaribu kitanda.

"Yumo," Jonasi alinong'ona. "Dirisha lenyewe liko ubavuni. Ligonge, ujifanye mteja."

"Wa nini?"

"Utajionea mwenyewe, afande."

Raymundi akazunguka gari kwa kunyata. Alipolifikia dirisha akasimama. Akayatazama matundu. Akalitazama pazia. Akaupapasa ubao, taratibu, kama mtu aliyekuta kitu chake kwa jirani.

"Hili umelitengeneza wewe?"

"Ndiyo, lakini alitaka hivyohivyo mwenyewe! Mimi nilimshauri la kioo, akakataa."

"Tangu lini huyu yuko mjini?"

"Mgeni kabisa. Unaona? Hata wewe humjui."

Raymundi akatazama barabarani, kulia, kushoto. Hakukuwa na mtu. Akagonga bati kwa kidole kimoja.

Kwa ndani kifuniko kikateleza bila mlio. Kazi safi, Jonasi alijisifu hata katika hofu ile.

"Karibu, mwanangu," ilisema sauti ya Emilian.

Mwanangu! Kijana yule, kwa askari mwenye wajukuu! Jonasi akarudi nyuma hatua moja kuzipisha pingu.

Afande Raymundi akavua kofia. Akapiga magoti kwenye vumbi la chuma na kuweka viwiko ubaoni, navyo vikatua sawasawa.

"Unibariki, Padre," alianza kwa sauti ndogo, halafu akageuza shingo. "Fundi, washa grainda."