Tisini na Nane na Nusu

“Tisini na nane na nusu,” Teodulo alisoma, na wachuuzi waliozunguka mizani wakaguna kwa pamoja.

Rosenda hakushuka. Aliukodolea macho mshale kana kwamba ungemwonea haya ukajisogeza. Jumamosi ya tano hiyo, namba ile ile.

“Shuka, Inday,” Teodulo akamwambia dada yake mdogo kwa upole, huku akiirudisha kofia yake juu ya kioo cha namba. Kila Jumamosi alikifunika hivyo mpaka dada yake apande, na kabla hajashuka anakifunika tena, eti bahati isitoroke.

Haikuwa mizani ya mtu. Ilikuwa Mizani ya Umma, ile ya jukwaa katikati ya soko, na Teodulo alikuwa mlinzi wake kwa miaka ishirini na mmoja. Ukihisi muuza mchele kakupunja, unabeba gunia lako hadi kwake, na akisema, amesema. Ukutani nyuma yake alipigilia misumari, kila msumari na chuma cha kilo mbili alichokichomoa chini ya mizani ya tapeli fulani. Nang Siyang, muuza samaki, angeweza kukutajia kila chuma na mwenyewe, na jinsi mke wa mwenyewe alivyojificha wiki nzima. Siku hizi misumari minne ilikuwa mitupu.

“Nimewarudishia,” Teodulo aliwajibu waliouliza. “Mgonjwa hafugi kinyongo.”

Figo zake zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki alikwenda kusafishwa damu, akarudi na bendeji ya buluu mkononi, na daktari alishasema moyo hautavumilia mwaka. Katika ukoo mzima ni Rosenda tu aliyelingana naye kiasi cha kumpa figo. Lakini Rosenda alikuwa na kilo mia na kumi, na hospitali kule Iloilo ikamwambia afike tisini kwanza, ndipo waanze kumpima figo. Akakubali kukatwa tumbo, lipunguzwe ili ale kidogo. Alivuja damu siku mbili mpaka padri akaitwa. Siku zote mbili Teodulo alikaa kwenye korido, hata kusafishwa hakwenda.

“Kisu kimoja kimekutosha,” alimwambia alipozinduka. “Una watoto watatu.”

“Usinipangie figo zangu, Manong,” Rosenda alimjibu kaka yake mkubwa. “Nitakupa hata ukikimbia.”

Mwanzoni kilo zilimtoka kama mtu anayevua nguo. Kisha zikagoma. Nesi alimwambia kwa simu kwamba ni kawaida. Tumbo likikatwa mwili hushtuka, hujishikilia, halafu huachia wenyewe. Ale mayai na samaki, anywe maji, atembee, asihangaike na namba.

Soko lilihangaika kwa niaba yake.

“Anakula kwa kujificha,” Nang Siyang alitangaza. “Jumanne nilimwona kwa muuza ngozi ya nguruwe. Hakununua, lakini alivuta pumzi ndefu.”

“Kwa hiyo harufu nayo ina kilo?” Teodulo akauliza, na watu wakacheka.

Rosenda hakucheka. Aliacha mayai. Akaacha uji wa mchele. Akabaki na supu ya samaki, vijiko sita mchana, vijiko sita jioni. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Sketi aliibana kwa pini moja, baadaye tatu, na pete ya ndoa ikamchomoka akifua.

“Mama, labda mizani ni mbovu,” binti yake alisema.

“Mizani ya mjomba wako?”

Mjini kwao hilo lilikuwa sawa na kusema padri anaiba sadaka.

Teodulo naye alikuwa anaisha. Uso ulimvimba, pumzi ikawa ya kukatika. Lakini Jumamosi alikuwa wa kwanza kufika sokoni, na waliomfuata walimkuta amepiga magoti akifuta chini ya jukwaa kwa kitambaa.

“Uchafu nao hupimwa,” alisema.

Jumamosi ya sita Rosenda alikuta kundi la watu, lakini mizani haina mwenyewe. Teodulo alikuwa ameangukia hapo hapo, kitambaa mkono mmoja, chuma mkono wa pili. Walikuwa wamempakia kwenye bajaji na kumkimbiza hospitali.

“Hata akizimia anakamata matapeli,” Nang Siyang alisema, macho mekundu, akiwa amekishika kile chuma. “Ila hiki cha leo sijui ni cha nani.”

Simu ya Rosenda ikaita. Alikuwa wifi yake, mke wa Teodulo. Rosenda alisikiliza, akasema “Ndiyo,” akasema tena “Ndiyo,” kisha akairudisha simu mfukoni polepole, kama mtu asiye na haraka tena ya kwenda popote.

Hakuna aliyemuuliza. Wachuuzi wakavua kofia, mmoja mmoja.

Hakujua kwa nini alipanda. Pengine kwa sababu ilikuwa Jumamosi. Kofia ya kaka yake ilikuwa bado juu ya kioo. Akaiondoa, akaikumbatia kifuani.

Tisini na sita na nusu.

“Imeshuka,” Nang Siyang alinong’ona. Akainua mikono apige makofi, akaishusha.

Kilo sita na nusu zaidi, Rosenda alifikiri. Laiti angeacha na ile supu.

Akashuka. Mshale ukashuka naye, lakini haukufika sifuri. Ulisimama kwenye nane, ukatulia.

Alipiga magoti pale pale alipopiga kaka yake, akaingiza mkono chini ya jukwaa. Vyuma vilikuwa vinne, vimefungwa pamoja vizuri kwa bendeji ya buluu.