Kwa Tshiela Wanapokea Hata Mbuzi

Aliyeguswa bega na Mama Odile alitoka kwenye mstari na kusimama kando ya ukuta. Mwalimu Mignonne aliwatazama wakiongezeka, akanong'ona:

"Mama, banatosha."

"Bado," akasema Mama Odile, akamgusa Ariel.

Watoto wa ukutani walikuwa wakicheka. Walidhani wamechaguliwa kwa jambo zuri.

Kesho yake inspekta angekuja. Katika mtaa ule wa mji wa Kolwezi, nchini Kongo, kulikuwa na shule mbili tu za serikali za watoto wadogo: ya Mama Odile, na ile ya ng'ambo ya reli, ya Mama Tshiela. Ofisi ya elimu ilikuwa imetangaza redioni na makanisani kwamba itazilinganisha. Moja itabaki, nyingine itafungwa na jengo lake kugeuzwa ghala. Hakuna aliyeuliza watalinganisha nini. Kila mwaka inspekta alisikiliza récitation, yaani shairi la Kifaransa, akawahesabisha watoto mpaka ishirini, akatoa alama. Kila mwaka Mama Odile aliongoza na Mama Tshiela akashika mkia.

Siri ya kuongoza haikuwa siri. Siku ya inspekta, watoto wazito wa kushika masomo walibaki nyumbani.

Mama Odile alikuwa mkuu wa shule ile tangu ilipokuwa turubai moja na mawe ya kukalia. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na shule.

Wazazi walipokuja kuchukua watoto, aliwaambia mmoja mmoja pale getini, malori ya madini yakipita na kuwamwagia vumbi. Wengi waliinamisha kichwa. Yolande, mama yake Ariel, hakukiinamisha.

"Mutoto wangu alikosa nini, Mama Directrice?"

"Hakukosa kitu. Muulize jina yake, tusikie."

Yolande akamtazama mwanawe. Tangu muhula ulipoanza Septemba, Ariel hakuwahi kutamka neno ndani ya geti lile. Alikaa benchi ya nyuma, mdomo wazi kidogo, akimtazama Mama Odile kama mtu anayetazama mvua.

"Ku nyumba anasemaka sana," Yolande akasema.

"Njo maana abakie ku nyumba."

"Kesho niko ku soko tangu asubuhi. Nitamuachia nani?"

"Mupeleke kwa Tshiela. Kule banapokeaka hata mbuzi."

Wazazi wakacheka, hata wale ambao watoto wao walisimama ukutani. Yolande alimfuta Ariel kamasi kwa pembe ya kitenge chake, akamshika mkono, wakaenda.

"Mama, kesho darasa itaonekana na mapengo," akasema Mignonne.

"Ulishaona benchi tupu ikikosea récitation?"

Asubuhi watoto ambao hawakuguswa bega walipakwa mafuta mpaka waking'aa. Walivaa aproni za buluu zenye kola ya njano, alizomshonea Mama Odile kila mtoto wa shule yake kwa mkono wake. Kwa Tshiela hakukuwa na sare. Kila mtoto alikuja na alichonacho, wengine bila viatu.

Inspekta Séraphin alichelewa. Alifika kwa miguu kutoka upande wa reli, vumbi mpaka kwenye kope. Mama Odile alifurahi moyoni. Mtu aliyetoka kwa Tshiela asubuhi ile angejua mara moja shule ni nini.

Watoto walianza shairi bila kuamriwa. Walilisema kwa sauti moja, hakuna aliyetangulia wala kubaki nyuma. Inspekta alipita polepole kati ya benchi, midomo ikicheza, kalamu ikigusa hewa juu ya kila kichwa. Mama Odile akamwona anafuatisha shairi, akatabasamu.

Lilipokwisha, inspekta alirudi mlangoni.

"Ni hawa tu, mama?"

"Hawa tu, Inspekta. Lakini kila mumoja ni dhahabu. Uulize yeyote."

"Hakuna mugonjwa? Hakuna mwenye kuchelewa?"

"Ku shule yangu batoto habachelewe."

Inspekta akaandika, akapuliza vumbi juu ya karatasi.

"Récitation ni muzuri, mama. Ila mwaka huu ofisi haikutuomba alama. Ilituomba vichwa tu. Shule yenye batoto bengi njo itabaki."

Mama Odile alishika fremu ya mlango.

"Na kwa Tshiela..."

"Wamewapita. Kidogo tu, lakini wamewapita. Leo wamejaa mpaka wengine wanakaa chini."

"Inspekta, ngoja. Uliona kule batoto wenye aproni kama hizi?"

"Niliwaona."

"Ni bangu! Bale ni batoto bangu!"

"Mi nahesabu vichwa, mama, sihesabu nguo." Akafunika kalamu, akaitia mfukoni. "Tena sikuwahesabu hivi hivi tu. Nilimuuliza mumoja, kadogo ka mudomo wazi hivi, kamekaa mbele kabisa, kwa miguu ya Mama Tshiela. Nikamuambia: wewe na aproni yako, uko wa shule gani?"

Nyuma ya Mama Odile, Mignonne aliacha kufuta ubao.

"Akasimama. Akaniambia jina yake, Ariel, ya baba yake, na ya mama yake. Akanisemea hii récitation yenu yote, hakukosa hata neno. Kisha akasema: 'Mi ni wa Mama Tshiela.'"