Taa ya Kiti cha Mama

"Mmulike usoni," Levina aliamuru. "Na mikononi. Sitaki kivuli hata cha kidole."

Fundi Mustafa, akiwa juu ya ngazi, alikisogeza kichwa cha taa kwenye reli ya darini, akakizungusha. Mwanga ukakihama kiti cha Levina, ukamwangukia dada yake, Apolinaria, aliyefika jana kutoka Goweko.

"Mdogo wangu, unanimulika kama mwizi wa tumbaku!" Apolinaria alifinya macho. "Na reli gani hii isiyofika hata stesheni ya kwetu?"

"Zoea. Utakaa hapo miaka. Haya, rudia."

Apolinaria akagusa kifua, akanyoosha mkono mbali, kisha akafungua viganja viwili vitupu.

Mustafa akatabasamu. Aliwahi kuwafungia taa wanakwaya wa Kanisa la Moraviani. Nao walicheza kwa mikono hivyo hivyo.

"Mnaimba lini, mama?"

"Saa tisa binti yangu Nyamizi anatoka shule. Asikose hata neno." Levina alijikunyata ndani ya sweta, na joto la Oktoba linapasua bati. "Kesho napanda treni ya Dar, naenda kulazwa."

Apolinaria akashusha sauti. "Hii ya mwisho si ungeifanya mwenyewe?"

"Nimejaribu wiki nzima. Mikono inakataa."

Saa tisa na robo Mustafa alikuwa ameshuka, anakusanya vifaa. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Ni ile taa moja tu iliyowaka. Nyamizi akaingia, begi mgongoni.

"Hujambo, binti?"

Mtoto akampita. Hana adabu huyu, Mustafa aliwaza, na koleo likamponyoka, likalia sakafuni nyuma ya visigino vya msichana.

Nyamizi hakushtuka.

Macho yake yalikwenda moja kwa moja penye mwanga, kama kila siku. Aliyekaa humo hakuwa mama yake.

Apolinaria akainua mikono. Kifua, ishara ya mama. Mbali. Viganja vitupu.

Hakuna aliyeimba.

Nyamizi alitazama hadi mwisho. Kisha akapanda ile ngazi ya fundi, viatu vya shule miguuni, akakizungusha kile kichwa cha taa mpaka mwanga ukarudi kwenye kiti cha zamani alichokalia Levina. Akashuka, akasimama mbele ya mama yake, akisubiri mikono ya mama iseme kwamba Mama Mkubwa amekosea, kwamba mama atarudi.

Mikono ya Levina ilibaki mapajani.