Kilichokuwa Ndani ya Firigisi

Jael alipoipasua firigisi, kisu kilikwaruza kitu kigumu. Alidhani ni changarawe. Akamimina kilichokuwemo kiganjani, akaona vipande vya mviringo, vya kijivu, vinavyong'aa, vidogo kama ulezi.

Alivijua. Ilikuwa lehemu, ile risasi laini ya kuunganishia nyaya, sumu ikiingia mwilini. Tangu mwaka wa tisini na saba mumewe alikuwa akinunua kompyuta mbovu mjini na kuzichoma nyuma ya jikoni, hapa Shirere, ili apate shaba. Lehemu iliyeyuka ikadondoka majivuni, na kuku walishinda humo wakidonoa.

Kuku huyu alikuwa amemchinja kwa sababu mabawa yake yaliburutika chini, kana kwamba yamemshinda kubeba. Wenzake watatu walisimama mlangoni sasa, mabawa chini, wakimtazama.

"Mama, imondo yangu iko wapi?" mumewe aliita kutoka sebuleni akicheka. "Ama umeila, nikurudishe kwenu Khayega?"

Firigisi, hiyo imondo, ni ya mwenye nyumba. Tangu aolewe hajawahi kumnyima, na kila kuku aliyechinjwa hapa alikuwa amedonoa majivu yale.

Jael aliifunika kwa sufuria. Akachukua jagi na beseni, akaenda kumnawisha mikono kabla ya kumwambia.

Mumewe alinyoosha mikono juu ya beseni. Viganja vilining'inia kutoka kwenye vifundo vya mikono, vidole vikielekea chini.

"Inua viganja, baba," Jael alimwambia. "Maji yanamwagika."

"Si nimeinua," akasema.