Koti la Studio

Picha aliyoiweka Shemzigwa kwenye ukurasa wake wa mtandaoni ndiyo iliyomletea mwaliko wa usaili, na sasa meneja alikuwa akiichungulia kwenye simu.

"Kijana, koti hili mbona nalijua?" Akamwonyesha picha za waombaji wengine watatu: sura tofauti, koti lile lile la kijivu, lisilo na kifungo cha juu. "Ni sare ya ukoo wenu?"

Shemzigwa alitabasamu, asijue kama anataniwa au anafukuzwa. Koti lilikuwa la studio ya picha ya mtaani kwao. Mtaa mzima ulilivaa kupigia picha.

"Sasa nimwajiri nani, wewe au koti?"

Kabla hajajibu, mlango ukagongwa. Akaingia mpiga picha wa studio mwenyewe, bahasha ya maombi ya kazi kwapani, amelivaa koti lile lile.

Shemzigwa akainuka nusu, akabaki hapo hapo, hajui ampishe kiti au ajifanye hamjui.